Kodi ya Nyumba: Funzo Kutoka Glasgow 1915



Ndugu wazazi na wanafunzi, kijana wangu mmoja wa madrasa alikosa darasa wiki nzima. Aliporudi akasema vyombo vyao vilitolewa nje kwa kodi ya miezi miwili. Wenzake wakaniuliza: Ustadh, asiye na uwezo ana haki gani? Nikawasimulia kisa hiki.

Mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, mji wa Glasgow huko Uskoti ulijaa wafanyakazi waliokuja kuunda meli na silaha. Nyumba zikawa haba, wenye nyumba wakapandisha kodi. Wanaume wengi walikuwa vitani, na hata wake wa askari walitishiwa kufukuzwa.

Katika mtaa wa Govan, mama aitwaye Mary Barbour aliwakusanya wenzake. Zingatieni: hawakukana deni. Walikuwa tayari kulipa kodi ya zamani, wakakataa nyongeza. Ofisa wa mahakama alipokuja kutoa watu, kengele ilipigwa, wanawake wakajaa kwenye ngazi na kumrushia unga mpaka akaondoka. Kufikia Novemba, waliogoma walikadiriwa kuwa 20,000.

Tarehe 17 Novemba wapangaji 18 waliitwa mahakamani. Maelfu waliandamana, wakiwemo mafundi walioacha kazi. Serikali ikahofia silaha zitakwama. Kesi zikaondolewa, na Desemba hiyo hiyo Bunge likapitisha sheria ya kurudisha kodi za nyumba za watu wa kawaida kwenye kiwango cha Agosti 1914. Mwaka 1919 sheria nyingine ikazipa halmashauri ruzuku ya kujenga nyumba za kupangisha. Mary Barbour naye akachaguliwa diwani mwaka 1920.

Lakini sheria ile ya 1915 ilimlinda anayelipa. Aliyeshindwa kabisa aliweza bado kutolewa nje. Hapo ndipo dini yetu inapotuuliza. Surat Al-Baqara, aya ya 280, inamtaka mdai ampe muda mdaiwa mwenye dhiki, na kumsamehe ni bora zaidi. Surat At-Tawba, aya ya 60, inawataja wenye madeni miongoni mwa wanaostahiki zaka. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mwenye uwezo akichelewesha deni amedhulumu.

Basi mwenye nyumba, kabla hujaita dalali, uliza: huyu hana, au hataki? Mpangaji, usijifiche, sema mapema. Nasi majirani tusingoje kuona godoro la mtu barabarani.

Familia ya kijana yule imepata chumba kimoja cha kujibanza, lakini deni lingalipo. Ijumaa hii baada ya sala tutakaa kulizungumza. Njooni.

Wabillahi tawfiq.