Wale wasichana wanaopiga nduru

Kama unatazama video za riaksheni kama mimi, unajua vile huwa. Kijana wa miaka 19 anakaa mbele ya kamera, anawekewa klipu ya bendi ya rock ya miaka ya sitini, anashika kichwa, anasema haamini macho yake. Gitaa safi, suti zimenyooka, kila mtu anaimba bila kusoma mahali. Halafu kamera ya zamani inageukia mashabiki. Wasichana wanalia, wanavuta nywele zao wenyewe, mmoja amebebwa na polisi kama gunia la viazi. Na hapo karibu kila anayeriakti huangua kicheko. Kwani hawa walirogwa?

Wasee, leo nataka tuongee kuhusu hicho kicheko. Na pia ile sentensi ambayo hukifuata dakika mbili baadaye, ile ya "nilizaliwa enzi mbaya".

Tuanze na klipu ambayo kila mtu huwekewa: Beatles wakiwa Shea Stadium, New York, 15 Agosti 1965. Huo ulikuwa uwanja wa besiboli. Watu 55,600 waliingia, na hakuna shoo ya pop iliyokuwa imewahi kuvuta umati kama huo. Sasa fikiria vyombo. Kampuni ya Vox ilikuwa imewatengenezea amplifaya za wati 100, na hizo ndizo zilikuwa kubwa za enzi hiyo. Wati mia moja! Kuna matatu za Rongai zina zaidi ya hizo chini ya kiti. Sauti za kuimba zilipitishwa kwa spika za uwanja, zile za kutangazia nani anaingia kucheza. Hakukuwa na spika za kuwarudishia wanamuziki sauti yao wenyewe. Ringo Starr ameeleza kwamba siku kama hizo alikuwa anatazama makalio ya wenzake vile yanatingika, ndio ajue wimbo umefika wapi. Walipiga nyimbo 12, kama nusu saa hivi, wakaingia garini wakaenda.

Na kuna kitu wanaoriakti huwa hawaambiwi. Sauti unayoisikia kwenye ile filamu ya Shea si yote ya siku ile. Januari 1966 Beatles waliingia studio London wakarudia sehemu kadhaa, na wimbo mmoja, "Act Naturally", uliwekwa tu kutoka kwa santuri. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema zamani hakukuwa na kudanganya, kila kitu kilikuwa laivu, mwambie pole. Lakini nduru hazikuhitaji kurudiwa studio. Zilikuwa nyingi hadi zikabaki.

Sasa hao waliokuwa wakipiga nduru ni akina nani? Mmoja alikuwa Meryl Streep, miaka 16. Mwingine alikuwa Whoopi Goldberg, hajafika hata kumi, mama yake alimpeleka bila kumwambia wanaenda wapi. Kulikuwa pia na msichana wa New York anaitwa Barbara Goldbach, ambaye baadaye alikuwa mwigizaji Barbara Bach na mwaka wa 1981 akaolewa na huyo huyo Ringo. Sitaji majina haya eti kuonyesha kwamba shabiki ni mtu wa maana tu akikuwa staa. Nataka tu ujue kwamba zile nyuso unazozicheka ni za watu, kila mmoja na akili yake na maisha yaliyoendelea baada ya kamera kugeuka.

Wa kwanza kuwacheka hawakuwa watu wa intaneti. Februari 1964 mwandishi Muingereza Paul Johnson aliandika makala katika gazeti la New Statesman akiwaponda mashabiki wa Beatles kabisa. Kwa maneno yangu: aliwaona kama vijana wazembe walioshindwa na maisha, akasema yeye na marafiki zake walipokuwa na miaka 16 walikuwa wanasikiza Beethoven. Hiyo ni miaka sitini na zaidi sasa, na bado tunarudia hoja ile ile, tumebadilisha tu simu.

Ebu niulize. Mwanaume mzima akilia Kasarani kwa sababu Gor imefungwa na Leopards dakika ya mwisho, tunasema nini? Tunasema huyo ni shabiki sugu, anaipenda timu. Msichana wa miaka 14 akilia kwa sababu ya wimbo, tunasema ana shida. Na huyo msichana wa 1965 nyumbani alikuwa anaambiwa akae vizuri, shuleni anyamaze, kanisani anyamaze zaidi. Siku moja akajikuta mahali na wenzake elfu hamsini na hakuna mtu anaweza kumwambia shhh. Mimi ningepiga nduru hadi koo liishe.

Isitoshe, hao wasichana ndio walikuwa soko. Usiku wa 9 Februari 1964 Beatles walipotokea kwa kipindi cha Ed Sullivan, watu kama milioni 73 Marekani walitazama. Aprili 4 mwaka huo, nyimbo tano za kwanza kwa chati ya Billboard zote zilikuwa za Beatles. Wataalamu wa muziki walikuja baadaye kuandika vitabu vya kueleza kwa nini ile bendi ni kubwa. Wasichana walikuwa wameshajua na wameshalipa.

Haya, tuje kwa "nilizaliwa enzi mbaya". Hii naisikia sana kutoka kwa vijana wenye ngozi kama yangu, na kila nikiisikia nafikiria Jacksonville, Florida.

Septemba 1964 Beatles walikuwa wamepangiwa kupiga shoo kwa uwanja wa Gator Bowl huko. Sheria ya haki za raia ilikuwa imetiwa sahihi Julai 2, miezi miwili tu imepita, na kusini mwa Marekani watu weusi bado walikuwa wanatengewa viti vyao kando. Beatles wakatoa taarifa Septemba 6: hawatapanda jukwaani mpaka mtu mweusi aweze kukaa popote anapotaka. Uwanja ukakubali. Shoo ikapigwa Septemba 11, siku moja baada ya kimbunga Dora kupiga mji. Mwaka uliofuata, mkataba wao wa kupiga Cow Palace, California, ulikuwa na kifungu kinachosema hawalazimiki kuimbia umati uliotengwa kwa rangi.

Kitty Oliver, ambaye baadaye alikuwa mwandishi na mwanahistoria, alikuwa kijana mweusi Jacksonville wakati huo. Alienda ile shoo peke yake. Amesimulia katika filamu ya Ron Howard ya 2016, "Eight Days a Week", jinsi ilivyokuwa kukaa katikati ya watu weupe kwa mara ya kwanza, wote mnapiga nduru moja. Kwa hivyo ukiona klipu ya mashabiki wa 1964 wakipiga kelele, usitazame tu wanaolia. Tazama nani yuko, na nani hayuko. Manze, hiyo enzi unayoitamani, pengine wewe na mimi hatungeruhusiwa kupita mlangoni.

Na ilhali muziki wenyewe ulitoka kwetu, au kwa watu wanaofanana na sisi. Hapa ndipo kuna klipu ninayoipenda kuliko zote, na sijui kwa nini hakuna anayeiriakti kila wiki. Mei 1965, Rolling Stones walialikwa kwa kipindi cha televisheni cha Marekani kinachoitwa "Shindig!". Wakasema watakuja, lakini lazima Howlin' Wolf pia aimbe. Sasa Howlin' Wolf, jina lake halisi Chester Burnett, alikuwa mwanamuziki wa blues wa Chicago, jitu la zaidi ya futi sita, miaka 54, sauti kama lori linapanda mlima. Stones walikuwa wamepata namba moja Uingereza Desemba 1964 na "Little Red Rooster", wimbo wa Willie Dixon ambao Wolf alikuwa ameurekodi mapema, mwaka wa 1961. Kwa ile klipu, Brian Jones anamkatiza mtangazaji, anataka waache kuongea ndio Wolf apande. Halafu mzee anaimba, na Stones, hao hao ambao wasichana wanawalilia, wamekaa karibu na miguu yake wakimtazama juu kama watoto wa shule.

Hizo nyuso ni nyuso za mashabiki. Hakuna anayezicheka, ati.

Kuna nyingine ya Mei 1964, Manchester. Televisheni ya Granada ilichukua stesheni ya treni iliyoachwa ya Wilbraham Road ikaifanya jukwaa. Watazamaji walikaa upande mmoja wa reli, wanamuziki upande wa pili. Mvua ikanyesha. Sister Rosetta Tharpe, mwanamke mweusi wa miaka 49, akashuka kwa gari la farasi, akavaa gitaa la umeme na kuanza na "Didn't It Rain", kwa sababu ilikuwa imenyesha kweli. Vile mkono wake unatembea kwa hilo gitaa, utasahau jina lako. Alikuwa akipiga hivyo kabla hata Elvis hajamaliza shule ya msingi. Rock and Roll Hall of Fame walimkumbuka mwaka wa 2018, na alikuwa amekufa tangu 1973.

Tukiwa bado kwa video: zilizobaki ni chache kuliko unavyodhani. BBC walikuwa wanafuta kanda ili wazitumie tena. Beatles walipiga "Top of the Pops" laivu studioni Juni 16, 1966, na ile kanda ikafutwa. Mwaka wa 2019 zilipatikana sekunde 11, kwa sababu mtu fulani alielekeza kamera yake ndogo kwa TV yake ya nyumbani akarekodi, bila sauti. Yaani shabiki tu, sebuleni kwake. Leo tukirekodi skrini tunaambiwa hatuna kazi.

Miezi miwili na kidogo baadaye, Agosti 29, 1966, Beatles walipiga shoo yao ya mwisho ya kulipia huko San Francisco. Walikuwa wamechoka kutosikia wanachopiga. Novemba hiyo Paul McCartney alikuja hapa Kenya, akazunguka kwa mbuga na msaidizi wao Mal Evans, na kwa ndege kutoka Nairobi kurudi London ndipo alipopata wazo: wajifanye bendi nyingine kabisa, na jina lingine. Hiyo ndiyo albamu ya Sgt. Pepper ya 1967. Chumvi na pilipili za kwenye ndege zinasemekana zilihusika, hiyo ni hadithi ya Paul mwenyewe.

Na kama unataka yetu zaidi, kuna Daudi Kabaka. Kuna bendi ya Uingereza inaitwa The Tremeloes. Hao ndio kampuni ya Decca iliwachagua mwaka wa 1962, wakiwa na Brian Poole, ikawakataa Beatles. Mwaka wa 1968 wakarekodi "Helule Helule", ikafika namba 14 Uingereza. Vijana weupe wa Essex wanaimba wimbo wa Kabaka, mtu wa twist wa Nairobi, na nusu ya watu wanaoniambia walizaliwa enzi mbaya hawajawahi kulisikia jina lake.

Zote mbili zinapatikana. Anza na ya Kabaka, weka sauti juu, na ukitaka kupiga nduru, piga.