Gegedu Ndani ya Mfupa: Hoja Kuhusu Rufaa za MRI kutoka Kibondo na Kasulu

Kijana wa Kibondo au Kasulu, mkoani Kigoma, mwenye kinundu kigumu karibu na goti ana safari ndefu mbele yake iwapo daktari ataandika MRI kwenye barua ya rufaa. Hospitali ya rufaa ya Bugando iko Mwanza. Taasisi ya Mifupa Muhimbili iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu huhitaji pia kibali cha kutoka kambini. Ninadai kwamba, kwa uvimbe wa gegedu usio saratani, rufaa hiyo ni halali pale tu inapobeba swali lililoishinda eksirei na altrasaundi ya wilayani.

Unaoonekana zaidi ni osteokondroma: mfupa uliochomoza, wenye ganda la gegedu juu, na uboho wake umeungana na uboho wa mfupa ulikoota. Muungano huo mara nyingi huonekana kwenye eksirei iliyopigwa pande mbili. Kinachobaki ni unene wa ganda. Kwa mtu mzima, ganda linalozidi sentimita 2 hutia shaka ya kondrosarkoma, saratani ya gegedu. Kwa mtoto anayekua, ganda nene si ajabu, maana ndilo linalokuza uvimbe. MRI hulipima vizuri kwa kuwa husoma hidrojeni ya maji, na gegedu limejaa maji. Kwenye picha za T2, aina ya picha za MRI inayoonyesha maji kwa weupe, gegedu hung'aa, huku madoa ya chokaa yakibaki meusi.

Lakini uvimbe ukiwa karibu na ngozi, altrasaundi nayo hulipima ganda hilo: gegedu huonekana jeusi juu ya mstari mweupe wa mfupa. Mashine ile ile inayopima wajawazito inaiweza kazi hii, ikiwa na kichwa cha kupimia sehemu za juujuu. Tumezoea mno kuiachia wodi ya wazazi. Mpinzani atasema kipimo hicho hutegemea mkono wa mpimaji. Ni kweli, tena hakifikii uvimbe uliojificha kwenye nyonga au nyuma ya mifupa mingine. Wenye uvimbe wa namna hiyo ndio wa kusafirishwa, pamoja na mtu mzima ambaye kinundu chake cha zamani kimeanza kukua au kuuma.

Enkondroma, uvimbe wa gegedu unaoota ndani ya mfupa, ikiwa ya kidole haihitaji safari, eksirei inatosha. Ile ya mfupa mrefu ndiyo yenye utata, na hapa MRI yenyewe haina uhakika tunaoutarajia: kondrosarkoma ya daraja la chini hufanana nayo sana, hata chini ya hadubini. Maumivu yasiyo na sababu nyingine, au ukuta wa mfupa uliomomonyoka kwa kina kutokea ndani, huwa na uzito kuliko mng'ao wa picha.

Kondroblastoma, uvimbe mwingine wa gegedu usio saratani, ni kesi ya pekee. Hukaa kwenye ncha ya mfupa wa kijana, mara nyingi haing'ai kama gegedu jingine, na uboho unaoizunguka hujaa majimaji, pengine na kiungo pia. Anayeisoma MRI hiyo bila eksirei anaweza kuona usaha wa mfupa au kifua kikuu cha goti, magonjwa ambayo daktari wa Kigoma ana kila sababu ya kuyafikiria kwanza. Kwa hiyo picha za eksirei zilizopigwa Kasulu zisafiri na mgonjwa, si maelezo yake tu, na barua itaje umri, muda wa maumivu na kama yanamwamsha usiku.