Kutoka Utazamaji hadi Ufafanuzi: Historia ya Filamu za Sayansi Afrika Mashariki na Nafasi ya Mwanafunzi wa Nyakiyumbu

Ikisiri

Tangu mwaka 1935, filamu imetumika Afrika Mashariki kuwaeleza wananchi sayansi ya afya, kilimo na mazingira. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho mwananchi alikuwa mtazamaji. Uamuzi wa kipi kielezwe, kwa lugha gani na kwa picha zipi ulikuwa mikononi mwa wengine. Makala hii inafuatilia historia hiyo kuanzia jaribio la Vugiri hadi mtaala mpya wa sekondari wa Uganda, ikiitazama kutokea Nyakiyumbu na Bwera, wilayani Kasese. Inajenga hoja kwamba thamani kuu ya filamu fupi inayotengenezwa na mwanafunzi imo katika kazi ya kufafanua ambayo filamu hiyo humlazimisha kuifanya. Sera itakayopima filamu iliyokamilika na kuisahau kazi hiyo itarudia kosa la zamani kwa vifaa vipya.

Utangulizi

Nyakiyumbu ni kata iliyo Bukonzo, wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, jirani na mji wa Bwera na kituo cha mpakani cha Mpondwe. Mto Lhubiriha ndio mpaka wa Uganda na Kongo hapo Mpondwe, lakini haukuwatenga watu. Wakonzo wa upande wa Uganda na Wanande wa upande wa Kongo husikilizana kwa lugha, huoana, huzikana na hukutana sokoni. Kilhukonzo ni lugha ya nyumbani, Kiswahili ni lugha ya soko na mpaka, na Kiingereza ni lugha ya darasa na mtihani.

Mwezi Juni 2019 familia iliyotoka Kongo iliingia Uganda kupitia mpaka huo ikiwa na mtoto mgonjwa wa miaka mitano. Mtoto alipelekwa hospitali ya Kagando, na tarehe 11 Juni ikathibitishwa kwamba alikuwa na Ebola. Watu watatu wa familia hiyo walifariki. Ng'ambo ya mpaka, mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 uliendelea hadi Juni 2020, na zaidi ya watu 2,200 wakapoteza maisha.

Katika kipindi hicho maagizo yalikuwa mepesi kutamka: nawa mikono, usiguse maiti, toa taarifa. Sababu za maagizo hayo zilikuwa nzito kuzifikisha. Kwa nini aliyemgusa mgonjwa afuatiliwe kwa siku 21 ilhali anajisikia mzima? Kwa nini maiti iwe ya hatari kubwa hata baada ya pumzi kukatika? Utafiti wa lugha uliofanywa mjini Goma mwaka 2019 na shirika la Translators without Borders ulionesha kwamba watu walihitaji maelezo yenye sababu, kwa lugha wanayoizungumza, na kwamba baadhi ya maneno ya kitaalamu yaliyotumiwa na watoa huduma hayakueleweka kama yalivyokusudiwa. Agizo bila sababu huzaa shaka, na palipo na shaka uvumi hupata nafasi.

Swali la nani afafanue sayansi, kwa nani na kwa lugha ipi, halikuanza na Ebola. Lina historia ya takriban miaka tisini, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa kwa filamu.

Vugiri, 1935–1937

Mwezi Machi 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, lilianzishwa Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu. Liliendeshwa chini ya Baraza la Kimataifa la Wamisionari kwa msaada wa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani na kwa ushirikiano na serikali za kikoloni za eneo hili. Meja L. A. Notcutt alisimamia utengenezaji wa filamu, na G. C. Latham akasimamia upande wa elimu. Hadi lilipofungwa mwaka 1937 lilikuwa limetengeneza filamu 35. Baadhi zilihusu minyoo ya safura, malaria ya watoto wachanga, mmomonyoko wa udongo na kilimo cha kahawa. Filamu zenyewe zilikuwa bubu. Maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, zikachezwa sambamba na picha katika misafara iliyozunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Mambo mawili ya jaribio hilo yanastahili kukumbukwa. La kwanza ni kwamba waasisi wake waliona mapema kuwa picha bila sauti ya mahali haitoshi. Filamu moja ilihitaji kusemwa kwa lugha nyingi, na suala la lugha lilikuwa na uzito wake wa kisiasa nchini Uganda, ambako pendekezo la Gavana William Gowers la mwaka 1927 la kukipa Kiswahili nafasi kubwa lilikuwa limepingwa vikali, hasa Buganda. La pili ni mgawanyo wa kazi. Waafrika walikuwa waigizaji, watafsiri na wasaidizi. Mada na mpangilio wa hoja vilibaki kwa wasimamizi. Mwafrika alionekana mbele ya kamera na sauti yake ilisikika, lakini hoja haikuwa yake.

Shaka juu ya jicho la mtazamaji

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni chini ya William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya ya jamii nchini Nigeria. Sellers aliamini kwamba mtazamaji asiyezoea sinema hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, hivyo filamu zake zilipaswa kuwa za polepole, zenye picha ndefu na zisizo na mbinu za uhariri zilizozoeleka Ulaya. Dhana hiyo iliongoza filamu nyingi zilizooneshwa vijijini kwa magari ya sinema.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtafiti P. Morton-Williams alichunguza watazamaji wa vijijini nchini Nigeria. Matokeo yake yaliitikisa dhana hiyo. Kilichoamua kama filamu imeeleweka kilitegemea zaidi ukaribu wa mada na maisha ya mtazamaji kuliko mbinu za kamera. Kwa maneno mengine, tatizo halikuwa jicho la mwanakijiji. Lilikuwa umbali kati ya aliyefafanua na aliyefafanuliwa. Kitengo kilifungwa mwaka 1955 na kazi ikaachiwa serikali za makoloni yenyewe. Mazoea ya kuuliza "wataelewa nini?" bila kuuliza "wanaweza kufafanua nini?" yalibaki.

Sauti iliyorudi kwa wenyeji

Baada ya uhuru, hatua kubwa ya kwanza kutoka katika mazoea hayo haikupitia filamu. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Inakadiriwa kwamba watu milioni mbili walishiriki katika vikundi vya kusikiliza, kujadili na kutenda: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka, kuondoa madimbwi ya mbu. Siri yake ilikuwa kikundi. Msikilizaji hakuondoka na agizo tu. Alilazimika kulieleza upya kwa maneno yake mbele ya jirani.

Nchini Uganda, vibanda vya video vilivyoenea kuanzia miaka ya 1980 vilizaa fani ya wafasiri wa papo kwa papo, waliosimulia filamu za kigeni kwa Kiluganda na lugha nyingine. Wasomi wengi waliwatazama kama watumbuizaji. Hata hivyo kihistoria walikuwa warithi wa sahani za santuri za Vugiri, kwa tofauti moja: sasa mfasiri aliamua mwenyewe nini kinahitaji kuelezwa. Mwaka 2014 kipindi cha Ubongo Kids kutoka Dar es Salaam kilianza kufundisha hisabati na sayansi kwa vibonzo vya Kiswahili, kikitungwa na kutengenezwa Afrika Mashariki. Mtaalamu wa eneo hili alikuwa ameshika kalamu na kamera. Mwanafunzi bado alikuwa upande wa pili wa skrini.

Mwanafunzi ashika kamera

Kenya ilifungua mlango mmoja. Tamasha la taifa la maigizo la shule na vyuo, lenye asili yake mwaka 1959, lilipanuliwa katika muongo wa 2010 na kuingiza filamu zinazotengenezwa na wanafunzi. Ushindani huo umejenga stadi za kamera na uhariri, ingawa tuzo za tamasha kwa kawaida humwelekeza mwanafunzi kwenye uigizaji na hisia kuliko kwenye uthabiti wa hoja ya kisayansi.

Uganda ilifungua mlango mwingine mwaka 2020, mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza kwa kidato cha kwanza. Mtaala huo unasisitiza umilisi, unamtaka mwanafunzi afanye miradi, na tathmini endelevu inachangia asilimia 20 ya alama za mwisho. Kiswahili kiliwekwa kuwa somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza. Wiki chache baada ya kuanza, mnamo Machi 2020, shule zilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Mtihani wa kwanza wa kidato cha nne chini ya mtaala huo ulifanyika mwaka 2024. Filamu fupi ya sayansi inaweza kuwa mradi halali wa mtaala huu, ikiunganisha sayansi, TEHAMA na lugha katika kazi moja.

Kasese kama maabara

Wilaya ya Kasese haina upungufu wa mada. Katika Ziwa Katwe chumvi huvunwa kwenye vidimbwi kwa jua na upepo. Mwanafunzi anayetaka kuonesha jambo hilo kwa dakika tatu atagundua haraka kwamba sentensi ya kitabuni, "maji huvukiza na chumvi hubaki", haimtoshi. Kamera humuuliza: chumvi imetoka wapi? Kwa nini ziwa hili lina chumvi na mto ulio karibu hauna? Atalazimika kueleza kwamba maji yanayoingia hubeba madini kutoka kwenye miamba, na kwamba ziwa lisilo na mto wa kutoa maji hupoteza maji kwa uvukizi peke yake, hivyo madini hujilimbikiza. Akiruka hatua moja, mtazamaji ataiona nafasi hiyo.

Mifano mingine iko karibu. Mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe yalitumika kuzalisha kobalti kwa msaada wa bakteria kuanzia mwaka 1999. Barafu ya Rwenzori imepungua sana tangu ilipopigwa picha na msafara wa Luigi wa Savoia mwaka 1906. Mafuriko ya Mei 2013 na Mei 2020 yaliharibu makazi na huduma kando ya mito inayoshuka kutoka mlimani. Kila mada ina mnyororo wa sababu ambao mwanafunzi anaweza kuukagua kwa macho yake.

Faida ya lugha ni kubwa vilevile. Mwanafunzi hujifunza dhana kwa Kiingereza, huihoji nyumbani kwa Kilhukonzo, kisha huitangaza kwa Kiswahili ili ieleweke hadi ng'ambo ya Lhubiriha. Istilahi nyingi zipo: TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Ila istilahi iliyomo kamusini huanza kuishi mtu anapoitumia kumweleza mwingine jambo ambalo mwingine huyo anataka kulijua. Mtoto wa Nyakiyumbu anayetafuta namna ya kumweleza bibi yake siku 21 za ufuatiliaji wa Ebola anafanya kazi ya ukuzaji wa lugha.

Mambo ya kuzingatia katika sera

Historia hii inatoa mafunzo manne kwa watunga sera. Kwanza, tathmini ipime muswada, mchoro wa mfuatano wa sababu na majibu ya maswali ya watazamaji kabla ya kupima uzuri wa picha. Bila hivyo, shule zenye kamera bora zitapata alama za sayansi kwa ubora wa vifaa. Pili, vifaa viwe vya shule. Shule nyingi za Uganda haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, na uamuzi huo una sababu zake. Simu moja au mbili zinazosimamiwa na mwalimu zinatosha kundi zima.

Tatu, usahihi ulindwe. Filamu yenye kosa la kiafya husafiri haraka kuliko masahihisho yake, hasa mpakani. Kila filamu ya afya ipitiwe na mwalimu wa sayansi na mhudumu wa afya wa eneo kabla haijaoneshwa hadharani, na sura za wagonjwa au watoto zisitumike bila ridhaa inayofaa. Nne, filamu zirudi kwa jamii: mikutano ya wazazi, vituo vya afya, siku za soko. Funzo la Mtu ni Afya ni kwamba maarifa hukaa pale yanapojadiliwa. Nakala zihifadhiwe wilayani, ili wanafunzi wa miaka ijayo waanzie pale wenzao walipoishia.

Hitimisho

Waliotengeneza filamu za Vugiri walikuwa na nia ya kufundisha, na baadhi ya waliyofundisha yalikuwa ya kweli na ya manufaa. Walichokosa ni njia ya kujua kama mtazamaji ameelewa, kwa kuwa mtazamaji hakupewa nafasi ya kufafanua. Leo kifaa kinachoweza kumpa nafasi hiyo kinaingia mfukoni, mtaala unaruhusu, na lugha ya kuvukia mpaka inafundishwa darasani. Kilichobaki ni uamuzi wa kuihesabu kazi ya kufafanua kuwa sehemu ya elimu ya sayansi. Mlipuko mwingine ukipiga hodi Mpondwe, Nyakiyumbu itahitaji vijana wanaoweza kusema kwa nini, na uwezo huo hujengwa kabla ya siku ya dharura.