Zaidi ya Jiwe la Bismarck: Vivutio Visivyotajwa Sana vya Mwanza na Safari ya Nansio

Na Mwandishi Wetu, Nansio

Mgeni anayefika Mwanza kwa siku mbili au tatu kwa kawaida hupiga picha mbele ya Jiwe la Bismarck, hula sato kando ya ziwa, kisha huelekea Serengeti au hurejea Dar es Salaam. Mwenyeji naye, aliyezaliwa na kukulia Nyamagana au Ilemela, huenda hajawahi kukanyaga Saanane wala kuvuka kwenda Ukerewe. Makala haya yanaainisha maeneo ambayo hayatajwi sana, kuanzia yale yaliyomo ndani ya Jiji hadi kisiwa cha Ukerewe ambacho makao makuu yake ni Nansio, pamoja na namna ya kuyafikia na muda unaofaa kutengwa kwa kila eneo.

Jambo moja linapaswa kutangulia mengine. Safari za nchi kavu zaweza kupangwa kwa saa ya msafiri. Safari za ziwani hupangwa kwa ratiba ya chombo na kwa hali ya hewa. Asiyezingatia tofauti hiyo ndiye anayejikuta jioni akitafuta mtumbwi wa kumvusha, na hapo ndipo matembezi yanapogeuka kuwa hatari.

Ndani ya Jiji: nusu siku

Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane imo ndani ya Jiji la Mwanza, dakika chache kwa boti kutoka eneo la Capri Point. Ndiyo hifadhi ndogo kuliko zote nchini, ikiwa na ukubwa wa kilomita za mraba 2.18 zikijumuisha eneo la maji. Kisiwa hicho kilianza kutumika kama bustani ya wanyama mwaka 1964, na jina lake limetokana na Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi na kufanya shughuli zake hapo kabla ya kisiwa kuchukuliwa kwa ajili hiyo. Kilipandishwa hadhi na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na husimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Swala, tumbili, pimbi, mijusi wa rangi na ndege wa majini huonekana kwa urahisi, na njia ya kupanda juu ya mawe humfikisha mgeni mahali anapoliona Jiji lote kutoka upande wa ziwa. Saa tatu zinatosha.

Anayerudi mjini akiwa bado na muda apite Makoroboi, mtaa uliopata jina lake kutokana na mafundi waliotengeneza koroboi za mafuta ya taa kwa kutumia mabati na makopo chakavu. Kutoka hapo aelekee Mwaloni, Kirumba, soko la samaki ambako dagaa kutoka visiwa vingi vya ziwa hushushwa, hupimwa na kupakiwa kwa safari za mikoani na nchi jirani. Soko huchangamka zaidi asubuhi. Wafanyabiashara wako kazini, hivyo ni ustaarabu kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Upande wa mashariki wa Jiji, Igoma, yapo makaburi ya pamoja na mnara wa kumbukumbu ya abiria wa MV Bukoba, meli iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia Mwanza na kusababisha vifo vya mamia ya watu. Hapo si mahali pa burudani. Hata hivyo, anayekusudia kusafiri ziwani atafanya vema kusimama hapo dakika chache kabla ya kukata tiketi.

Bujora: nusu siku hadi siku nzima

Takribani kilomita 20 kutoka katikati ya Jiji, katika barabara iendayo Musoma, ipo Kisesa, na juu kidogo ya hapo kipo Kituo cha Utamaduni cha Bujora chenye Makumbusho ya Wasukuma. Kituo hicho kina asili yake katika miaka ya 1950, kazi ya Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, aliyeshirikiana na wenyeji kukusanya vifaa, nyimbo na kumbukumbu za watemi. Mgeni huoneshwa ngoma za kitemi, viti vya enzi, nyumba ya mhunzi na ya mganga wa jadi. Kanisa la Bujora lenyewe limejengwa likiwa na alama za utawala wa Kisukuma, jambo ambalo ni nadra kulikuta kwingine.

Wakati mzuri zaidi wa kufika Bujora ni msimu wa Bulabo, tamasha la ngoma linaloambatana na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, mara nyingi mwezi Juni. Makundi ya Bagika na Bagalu hushindana kuvuta watazamaji kwa ngoma kama bugobogobo, ichezwayo kwa majembe, na kwa michezo ya nyoka. Nje ya msimu huo, kikundi kinachotaka kuoneshwa ngoma hakina budi kutoa taarifa mapema.

Kageye, Ndabaka na Daraja la Kigongo–Busisi

Mbele zaidi ya Kisesa, katika Wilaya ya Magu, kipo kijiji cha Kageye kando ya Ghuba ya Speke. Hapo ndipo Henry Morton Stanley alipopiga kambi mwaka 1875 na kuondoka kwa mashua yake kulizunguka ziwa lote kati ya mwezi Machi na Mei. Mwenzake, Frederick Barker, alifariki na kuzikwa hapo hapo. Kageye kilikuwa kituo cha misafara na biashara, na kwa mwanafunzi wa historia kinaeleza jinsi mwambao huu ulivyounganishwa na njia za pwani kabla ya utawala wa Wajerumani.

Barabara hiyo hiyo ikifuatwa hadi takribani kilomita 140 kutoka Mwanza humfikisha msafiri katika lango la Ndabaka, ambapo Hifadhi ya Taifa ya Serengeti inakaribia ziwa. Wageni wengi hudhani kwamba Serengeti huingiwa kutokea Arusha pekee. Anayeondoka Mwanza alfajiri anaweza kuingia kwa lango hili, akauona ukanda wa magharibi wa hifadhi na Mto Grumeti, na kurejea mjini usiku.

Upande wa magharibi, Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwezi Juni 2025, limebadili kabisa safari ya kwenda Sengerema na Geita. Daraja hilo lenye urefu wa takribani kilomita tatu ndilo refu kuliko yote nchini. Mahali ambapo magari yalipanga foleni kusubiri kivuko, sasa msafiri huvuka kwa dakika chache.

Nansio: njia mbili za kufika

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, chenye takribani kilomita za mraba 530, na wilaya yake inaundwa na visiwa 38 vikiwemo vidogo vya kambi za wavuvi. Njia ya kwanza ya kufika Nansio ni kwa meli kutoka Bandari ya Mwanza Kaskazini, safari ya saa tatu au zaidi kidogo kulingana na chombo na upepo. Njia ya pili ni ya barabara: Mwanza hadi Bunda, kisha Kisorya katika Mkoa wa Mara, na kuvuka kwa kivuko hadi Rugezi, upande wa Ukerewe. Njia hii ni ndefu zaidi, lakini sehemu ya majini ni fupi.

Kwa hesabu ya kawaida, anayekwenda na kurudi kwa meli siku hiyo hiyo hutumia saa sita au zaidi majini na hubakiwa na muda mdogo sana kisiwani. Ushauri wa makala haya ni kulala Nansio angalau usiku mmoja. Nyumba za wageni zipo, na fedha ya malazi, chakula na usafiri wa bodaboda hubaki mikononi mwa wakazi wa kisiwa badala ya kuishia bandarini.

Kinachopatikana Ukerewe

Bukindo, kaskazini mwa Nansio, ipo nyumba ya ghorofa ya watemi wa Ukerewe. Kwa mujibu wa simulizi za Wakerewe, ukoo wa utawala wa Abasilanga ulitoka Ihangiro, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, ukiongozwa na Katobaha. Katika karne ya 19 watemi wake walishiriki biashara ya pembe za ndovu iliyofika hadi pwani. Ni katika kisiwa hiki pia ambapo, mwezi Desemba 1877, wamisionari wawili Waingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa baada ya kuingia katika mgogoro kati ya Mtemi Lukonge na mfanyabiashara Songoro. Utawala wa watemi ulikoma kisheria nchini baada ya Uhuru, mwaka 1963.

Magharibi mwa Nansio kipo kilima cha mawe cha Handebezyo, ambacho kileleni mwake mtu huona mashamba, visiwa na maji kwa pamoja. Upo pia msitu wa Rubya, unaofaa kwa matembezi ya kivulini yanayoishia ufukweni.

Kwa wapenzi wa fasihi, Ukerewe ni kisiwa cha Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusoma katika misheni ya Kagunguli. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, miaka 35 baadaye. Kitereza alifariki mwaka 1981. Kitabu hicho kimehifadhi kwa undani maisha ya Wakerewe kabla ya ukoloni: kilimo, ndoa, uganga, uwindaji na adabu ya kupokea mgeni. Msomaji aliyekisoma kabla ya kuvuka hukiona kisiwa kwa jicho jingine. Mkerewe mwenzake, Gabriel Ruhumbika, ndiye aliyekitafsiri kwa Kiingereza.

Ukara: kwa wenye siku ya ziada

Kaskazini mwa Ukerewe kipo kisiwa cha Ukara, kinachofikiwa kwa kivuko kutoka Bugolora hadi Bwisya. Wakara wanajulikana kwa kilimo chao cha kale kinachotunza rutuba katika ardhi finyu: ng'ombe hufungwa zizini na kulishwa majani, samadi hubebwa shambani, na mimea jamii ya kunde hupandwa ili izikwe ardhini kuwa mbolea. Kisiwani humo pia lipo jiwe linalocheza, ambalo wenyeji hulionesha kwa wageni kwa taratibu zao za jadi. Mgeni huomba kwanza kwa wazee wanaolitunza.

Bwisya ndiko walikozikwa baadhi ya waliopoteza maisha katika ajali ya kivuko cha MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Kilipinduka kikiwa karibu na gati, ng'ambo ikionekana.

Tahadhari kwa msafiri wa ziwani

Hesabu hiyo ndiyo sababu ya msisitizo wa tangu mwanzo. Msafiri anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

Kwanza, apande chombo chenye leseni na akate tiketi yenye jina lake, kwa kuwa orodha ya abiria ndiyo inayotumika katika uokoaji. Usalama wa vyombo vya majini husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na vivuko vya Serikali huendeshwa na Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA).

Pili, akiona chombo kimejaa, ashuke au asipande. Kusubiri safari inayofuata, hata kama ni kesho yake, ni haki yake na ni wajibu wake kwa abiria wenzake.

Tatu, afahamu jaketi okozi lilipo kabla chombo hakijang'oa nanga, na ahakikishe mtoto ana la ukubwa wake.

Nne, afuatilie utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Ngurumo na mvua kubwa za ziwani hutokea zaidi usiku na alfajiri, hususan misimu ya masika na vuli.

Tano, aepuke kuoga au kutembea katika maji ya kina kifupi yenye majani, kwa sababu ya konokono wanaoeneza kichocho. Aliyekwisha kuingia majini na baadaye akaona dalili afike kituo cha afya apimwe. Ugonjwa huu unatibika.

Mpangilio unaopendekezwa

Kwa mwenye siku tatu: siku ya kwanza, Saanane asubuhi, Makoroboi na Igoma mchana. Siku ya pili, meli ya asubuhi kwenda Nansio, Bukindo au Handebezyo jioni, na kulala kisiwani. Siku ya tatu, kurejea Mwanza kwa meli, na kama muda unaruhusu, kupita Mwaloni. Bujora na Ndabaka zibaki kwa safari nyingine, au kwa anayependa kukaa nchi kavu. Ratiba za meli, vivuko na viingilio hubadilika, hivyo zithibitishwe bandarini au katika ofisi husika siku moja kabla ya safari.