Gitaa la Kadibodi: Hoja ya Fundi Antonio de Torres

Sisi tunaosoma historia tumezoea kutafuta fikra za watu katika maandishi: barua, mikataba, kumbukumbu za serikali. Mafundi wengi hawakuandika. Je, fikra zao zimepotea? Naona hapana, na ushahidi wangu ni gitaa moja lililotengenezwa Hispania mwaka 1862.

Aliyelitengeneza ni Antonio de Torres, aliyezaliwa karibu na mji wa Almería mwaka 1817. Alianza kama seremala, kisha akatengeneza magitaa mjini Sevilla. Tatizo lake lilikuwa la kila fundi wa gitaa. Nyuzi zikikazwa huvuta ubao wa mbele kwa nguvu ya makumi ya kilo. Ubao mnene hustahimili, lakini sauti hufifia. Ubao mwembamba hutoa sauti nzuri, lakini hujipinda na hata kupasuka.

Torres alichagua ubao mwembamba uliobinuka kidogo na kuupanua mwili wa gitaa. Kwa ndani alibandika vijiti, mara nyingi saba, vilivyotandazwa kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Vijiti hivyo huuimarisha ubao bila kuuzuia kutikisika. Wapo wanaomwita mvumbuzi wa mpangilio huo, lakini mafundi wa Sevilla na Cádiz waliutumia tangu karne ya 18. Mchango wake ni kuoanisha vijiti, ubao na ukubwa wa mwili hadi ukapatikana mfano unaofuatwa na magitaa ya klasiki mpaka leo.

Lakini sauti hutoka wapi hasa: kwenye ubao wa mbele, au kwenye mbao za thamani za mgongoni na ubavuni? Torres hakuandika kitabu kujibu swali hilo. Alitengeneza gitaa lenye ubao wa mbele wa kawaida, huku mgongo na mbavu zikiwa za kadibodi. Hoja yake inasomeka bila maneno: kazi kubwa iko mbele. Gitaa hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona.

Ufundi huo haukumtajirisha. Alirudi Almería, akafungua duka la vyombo vya kauri, na ndipo mwaka 1875 akarejea kwenye magitaa hadi alipofariki mwaka 1892. Kama gitaa la kadibodi lingetupwa, jaribio lake lingebaki hadithi tu.

Hapo ndipo ninapoikumbuka inanga ya kwetu Burundi, inayochongwa kutoka kipande kimoja cha mti. Waliozichonga nao walilazimika kuamua ubao uwe mwembamba kiasi gani. Majibu yao yamo ndani ya inanga zenyewe, na mti huoza. Tunapojifunza kusoma nyaraka, tujifunze pia kupima, kuchunguza na kuhifadhi vyombo hivyo, maana kwa mafundi wengi ndiyo nyaraka pekee walizoacha.