Nani Alitandika Mataruma?

Babu yangu alifanya kazi ya gengi kwenye Reli ya Kati, upande wa Tabora. Kazi yao ilikuwa kutembea na njia, kukaza vifungo, kubadilisha mataruma yaliyochakaa na kushindilia kokoto ili reli isicheze. Nilipomweleza kwamba tasnifu yangu ya uzamili inahusu klabu ya michezo ya reli huko Msumbiji, alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza: "Sasa mjukuu wangu, hao waliokuwa wanacheza mpira ndio hao hao waliokuwa wanatandika mataruma?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na orodha ya makombe, miaka ya ubingwa na majina ya wachezaji. Swali la babu halikuwa popote kwenye daftari langu, na tangu siku hiyo limegeuka kuwa tasnifu yenyewe.

Klabu yenyewe ni Clube Ferroviário de Maputo. Ilianzishwa mwaka 1924, wakati Maputo ikiitwa Lourenço Marques na Msumbiji ikiwa koloni la Wareno. Neno *ferroviário* maana yake ni mtu wa reli, mfanyakazi wa reli. Ukifuata njia za treni za nchi ile unakutana na jina hilo kila mahali: kuna Ferroviário ya Beira, ya Nampula, ya Nacala. Sisi tuna mfano wetu wa karibu, Reli ya Morogoro, ambayo wazee wa mpira bado wanaiita Kiboko ya Vigogo. Lakini kwa Msumbiji jina hili lina uzito wa peke yake, na kuuelewa lazima tuanze kabla ya 1924.

Mwaka 1886 dhahabu iligunduliwa Witwatersrand, Afrika Kusini. Bandari ya karibu zaidi na migodi ile ilikuwa Lourenço Marques, na mwaka 1895 reli ya kuiunganisha na Transvaal ilizinduliwa. Kuanzia hapo maisha ya kusini mwa Msumbiji yalifungwa kwenye njia hiyo. Vijana wa Gaza na Inhambane walipelekwa migodini kwa maelfu, na serikali ya kikoloni ikahakikishiwa kwamba sehemu ya mizigo ya Transvaal itapitia bandari yake. Mkataba wa 1928 kati ya Ureno na Afrika Kusini uliyaweka mambo hayo mawili, watu na mizigo, kwenye karatasi moja.

Mjini nako reli na bandari zilihitaji mikono. Nyingi zilipatikana kwa *chibalo*, kazi ya shuruti. Sheria ya kazi ya mwaka 1899 ilitamka kwamba "mzawa" ana wajibu wa kufanya kazi, na asipoitafuta mwenyewe atalazimishwa. Wanaume walikamatwa vijijini, wakaletwa kubeba, kuchimba na kutandika kwa ujira ambao haukustahili kuitwa mshahara. Hata wale ambao hawakuwa wa chibalo walilipwa kidogo. Mwaka 1933 vibarua wa bandarini waligoma baada ya ujira wao kupunguzwa. Mgomo huo unakumbukwa kwa jina la Quinhenta, yaani sarafu ya senti hamsini waliyokatwa. Ulizimwa kwa nguvu.

Wakati huo Ferroviário ilikuwa imetimiza miaka tisa. Hapo ndipo swali la babu linapouma. Klabu ilibeba jina la mtu wa reli, lakini huyo mtu wa reli aliyekuwa akiheshimiwa kwenye jezi alikuwa karani, fundi wa karakana, dereva wa treni, msimamizi, na mara nyingi Mreno. Soka la jiji lilikuwa na mipaka kama jiji lenyewe. Katikati, kwenye nyumba za saruji, zilikuwepo klabu kubwa na chama chao. Pembeni, kwenye vitongoji vya nyumba za matete na mabati kama Mafalala na Xipamanine, Waafrika na machotara walikuwa na chama chao na ligi yao. Milango ya klabu za mjini ilifunguliwa polepole, na kwa wachache waliokuwa na kipaji ambacho hakuna aliyeweza kukipuuza.

Mifano miwili inanisaidia kuiona hali hiyo. Wa kwanza ni Alberto da Costa Pereira, mlinda mlango mwenye asili ya Kireno, mzaliwa wa Nacala. Alitoka Ferroviário kwenda Benfica mwaka 1954, akashinda Kombe la Ulaya mwaka 1961 na 1962. Wa pili ni Eusébio. Baba yake, aliyetoka Angola, alikuwa mfanyakazi wa reli, mama yake mwanamke Mwafrika wa Msumbiji. Alikulia Mafalala, akicheza pekupeku na wenzake wa mtaani. Mtoto huyu wa mtu wa reli hakupitia klabu ya reli. Alipitia Sporting ya Lourenço Marques, na dunia ikaja kumjua akiwa na jezi ya Benfica na ya Ureno.

Kisha kuna uwanja. Ferroviário ilijengewa uwanja mkubwa Machava, nje kidogo ya jiji. Ulifunguliwa tarehe 30 Juni 1968 kwa mechi kati ya Ureno na Brazil, na ukapewa jina la Salazar, mtawala wa Ureno. Kaskazini, Cabo Delgado na Niassa, vita vya ukombozi vilikuwa na karibu miaka minne tayari. Ule ulikuwa ujumbe wa zege: tupo, na hatuondoki.

Miaka saba tu baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 25 Juni 1975, Samora Machel alisimama kwenye uwanja huo huo na kutangaza uhuru wa Msumbiji. Mwezi mmoja kabla alikuwa amevuka Ruvuma kutoka Tanzania na kuikata nchi nzima kuelekea kusini. Tarehe ilichaguliwa kwa makusudi: FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Babu anakumbuka kulisikia tangazo hilo kwenye redio. Hakujua kwamba lilitolewa kwenye uwanja wa watu wa reli. Nilipomwambia, aliomba nirudie.

Baada ya uhuru majina mengi yalibadilishwa. Lourenço Marques ikawa Maputo. Uwanja wa Salazar ukawa wa Machava. Sporting ikaja kuwa Maxaquene, Benfica ya kule ikawa Costa do Sol. Ferroviário ilibaki Ferroviário. Kwa muda nilidhani ni kwa sababu jina lile halikuwa na nembo ya klabu ya Lisbon ndani yake. Siku hizi nadhani kuna zaidi. Majina mengine yalikuwa ya kuazima, lakini hili lilikuwa deni. Lilitaja kazi ambayo Waafrika walikuwa wameifanya tangu mwanzo bila kutajwa, na kulifuta kungekuwa kuwafuta mara ya pili. Kulibakiza kulimaanisha kuwarudishia wenyewe.

Sisemi deni limelipwa. Kombe haliwezi kumlipa mtu aliyekamatwa kijijini kwao Gaza. Lakini klabu imeendelea kuwa ya michezo mingi, na mwaka 2018 na 2019 timu yake ya wanawake ya mpira wa kikapu ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika mara mbili mfululizo.

Likizo iliyopita nilirudi kwa babu na jibu lake. "Hapana babu," nikamwambia, "kwa miaka mingi hawakuwa hao hao." Akatikisa kichwa, kama mtu aliyekuwa akijua. Nikamweleza na habari za wale mabingwa wa kikapu.

"Wasichana?" akauliza. "Wa reli?"

"Wa reli, babu."

Alicheka mpaka akakohoa. Sura ya kwanza ya tasnifu yangu sasa haianzii 1924. Inaanza na mataruma.