Aliyebeba Maji Kwihara

Mvua za Novemba zinapoanza, viti vya jumuiya zetu ndogondogo hubaki vitupu, nasi hatuwalaumu waliokwenda shamba. Tabora iko kwenye uwanda wa mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, lakini si baridi inayofupisha msimu wetu kama kule Kitulo. Ni mvua. Huanza Novemba na kukoma Aprili, pengine mwanzoni mwa Mei. Watu wa pwani wana vuli na masika. Sisi tuna msimu mmoja, na aliyechelewa kupanda hungoja mwaka mwingine.

Msimu huo ulitawala hata misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo walipendelea kuondoka baada ya mavuno na kurudi kabla ya kupanda. Wakati wa kulima mpagazi alikuwa adimu, hata mfanyabiashara mwenye vitambaa vingi alilazimika kusubiri. Nyumbani wake zao ndio walioendelea kuinua matuta.

Bustani za wafanyabiashara Waarabu zilikuwa jambo jingine. Burton na Speke walifika Kazeh Novemba 1857 na kuwakuta wenyeji wao wakiishi kwa raha. Stanley, mwaka 1871, aliona kando ya matembe ngano kidogo, michungwa, milimau, mipapai na miembe. Vitunguu, saumu, nyanya na bilingani pia vilipatikana. Livingstone alikaa Kwihara kuanzia Februari hadi Agosti 1872 akiwasubiri watu ambao Stanley angemtumia kutoka pwani, na hivyo aliishi hapo tangu mvua hadi kiangazi kikali.

Habari hizo husomeka vizuri. Lakini yeyote aliyelima mboga hapa Julai anajua kwamba kitunguu hakivuki kiangazi bila ndoo, na ndoo haijichoti. Katika nyumba zile, kazi za shamba na maji zilifanywa kwa sehemu kubwa na watumwa, wakiwemo watu walioletwa kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wageni waliandika majina ya mimea. Ya waliomwagilia hawakuyaandika, isipokuwa mara chache mno. Mababa Weupe, waliopita hapa mwaka 1878, baadaye walikusanya Kipalapala watoto waliokombolewa katika biashara hiyo hiyo.

Leo mgeni anayetembelea tembe la Kwihara huonyeshwa vyumba na picha. Sisi humshauri atazame pia miembe mikongwe ya mji wetu. Mwembe uliokomaa una mizizi mirefu. Hutoa maua ukame ukiwa mkali, na matunda huiva mvua zinaporudi, bila kumwagiliwa na mtu. Mwembe mchanga hauwezi hivyo. Miaka miwili mitatu ya kwanza, kuanzia Juni hadi Oktoba, ni lazima mtu auletee maji.